Enzi za Posho

Kando ya mji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, kuna mwamba wa chokaa ambao wanajiolojia wanaujua kwa jina la Kakontwe. Ulijengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, baada ya barafu kubwa kuyeyuka, na tabaka zake zinaonekana tena Kipushi, kiasi cha kilomita 100 kusini, ambako zimebeba zinki na shaba iliyochimbwa tangu miaka ya 1920. Kakontwe haikujaliwa utajiri wa namna hiyo. Ilijaliwa jiwe. Jiwe hilo likipondwa na kuchomwa kwenye tanuri hadi nyuzi 900 hivi, hugeuka chokaa, na chokaa ndiyo iliyowezesha viwanda vya Shituru, ndani ya Likasi, kutoa kobalti. Shaba ikishaondolewa kwa umeme kutoka kwenye maji ya asidi, maziwa ya chokaa humiminwa katika maji yaliyobaki: kwanza chuma kinatuama, kisha kobalti nayo inashuka chini kama tope.

Nje ya Kongo mji huu unafahamika zaidi kwa jina lake la kikoloni, Jadotville, na kwa siku 5 za Septemba 1961, pale kikosi cha Ireland kilichotumwa na Umoja wa Mataifa kilipozingirwa na wapiganaji wa Katanga hadi kikaishiwa maji na risasi. Filamu imetengenezwa juu ya siku hizo. Kwa watu waliozeeka katika kazi za mjini humu, Panda, Shituru na machimbo ya chokaa, vita ile ni tukio moja kati ya mengi. Kilichojaza maisha yao ni posho.

Posho ilikuwa mgao wa chakula uliotolewa na kampuni: unga wa mahindi wa kusongea bukari, samaki wakavu au nyama, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi. Baada ya muda neno hilo lilibeba mambo mengi zaidi: nyumba ya matofali kambini, hospitali, shule ya watoto, msaada wakati wa mazishi. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyekusanya simulizi za wafanyakazi hao kwa miaka mingi, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowaita watoto wa Shaba, yaani Katanga, walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Watu wa Katanga walisema hivyo wenyewe, kwamba Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ni baba na mama, na wanaposema leo kwamba maisha yameporomoka, hicho ndicho wanachokililia.

Mwenye jedwali la takwimu atawashangaa. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, mtoto aliyezaliwa alitarajiwa kuishi kiasi cha miaka 41. Miaka 60 baadaye matarajio hayo yalikuwa yamefika karibu 60, na hiyo ni baada ya vita vilivyoivuruga nchi tangu 1996. Mwaka 1990, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Kongo, zaidi ya 180 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Kufikia 2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu 80. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria vimefanya kazi yake hata pale ambapo mishahara ilikoma. Mwanasaikolojia Steven Pinker, katika kitabu chake cha mwaka 2011, alitetea kwa kurasa nyingi hoja kwamba binadamu wa leo anaishi katika zama zenye ukatili mdogo kuliko zote zilizotangulia. Likasi ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hiyo, kwa kuwa hapa usalama ulikuja kwa kasi, ukaonekana kwa macho, na ukaondoka mbele ya kizazi kilekile kilichoufaidi.

Hesabu za jedwali ni za kweli. Malalamiko ya wazee nayo ni ya kweli. Jedwali linauliza wamekufa wangapi. Mzee wa kambi ya Panda anauliza mtu akifa, nani ataitwa kujibu. Historia ya mji huu inaeleweka vizuri zaidi ukilifuata swali la pili kuliko ukisoma la kwanza peke yake.

Kabla ya kampuni hapakuwa na bustani ya amani. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi ambako leo ni Tanzania, alifika Katanga kwa njia za misafara na akajenga dola la Garenganze lenye makao Bunkeya. Watu wake, Wayeke, pamoja na Wasanga waliowakuta, walichimba shaba wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha kwa makaa katika matanuri ya udongo wa kichuguu, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari. Ilikuwa kazi ya mafundi wenye miiko yao, waliorithishana siri za moto. Mwaka 1924 Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, aliwaomba wazee waliokuwa bado wanaijua waifanye tena mbele yake, na miaka 2 baadaye akachapisha maelezo ya alichokiona. Lakini utajiri huohuo ulifuatana na biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na Msiri mwenyewe aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuliteka eneo hilo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mtu anayetafuta zamani tulivu asiitafute hapo.

Kampuni yenyewe, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove, ng'ambo ya Likasi, mwaka 1913. Mwaka 1910 pia liliundwa shirika la kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, ambalo mawakala wake walizunguka vijijini wakitafuta wanaume. Waliopatikana walitembea kwa majuma, wakafika wamechoka, wakalazwa katika vibanda vya nyasi kwenye uwanda wa juu ambako usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali. Nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo ziliwamaliza. Katika miaka ile ya mwanzo walikufa makumi kati ya kila wafanyakazi 1,000 kwa mwaka, na mwaka 1918 homa ya mafua iliyopanda na reli kutoka Rodesia ilifanya hali kuwa mbaya zaidi.

Wafu hao walihesabiwa. Madaktari wa kampuni na wa serikali walihitaji idadi, na ndiyo maana leo inajulikana kwamba vifo vilikuwa vingi. Hata hivyo kuhesabiwa hakukumsaidia mke aliyebaki kijijini akisubiri. Mikataba ilikuwa ya miezi michache, na aliyekufa nafasi yake ilichukuliwa na aliyefuata kwenye foleni.

Mageuzi yalianza mwaka 1928, na sababu zake zilikuwa za kibiashara kuliko za huruma. Migodi mikubwa ya shaba ilikuwa inafunguliwa upande wa pili wa mpaka, Rodesia ya Kaskazini, ikiwavuta watu ambao Union Minière iliwategemea. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imeanza kuweka mipaka ya idadi ya wanaume wanaoweza kuchukuliwa katika kila kijiji, kwa kuwa vijiji vilikuwa vinabaki bila nguvu kazi. Mfanyakazi akawa adimu, na kitu adimu hutunzwa. Kampuni ilitoa mikataba ya miaka 3, ikawahimiza wanaume waje na wake zao, ikajenga nyumba za kudumu, zahanati na wodi za wazazi. Watawa wa Kibenediktini wakapewa shule. Msimamizi mkuu wa siasa hiyo alikuwa daktari Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha kijitabu cha kueleza matokeo ya miaka 20, na matokeo yalikuwa makubwa kweli: vifo vya wafanyakazi vilishuka hadi sehemu ndogo ya vile vya mwanzo, na watoto wakazaliwa na kukua kambini.

Inafaa kutazama kwa karibu mtoto mmoja wa kambi hizo, bila jina, maana walikuwa maelfu. Mama yake anampeleka kliniki siku iliyopangwa, anawekwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi. Akianza kutembea, anakwenda kantini ya watoto na kula hapohapo mbele ya msimamizi, kwa sababu kampuni haitaki chakula chake kifike nyumbani kikagawanywe kwa wajomba na wageni. Akifika umri wa shule, dawati lipo. Anakua na afya kuliko binamu yake wa kijijini. Lakini mkuu wa kambi anajua nani amelala nyumbani kwao jana usiku, ndugu wa baba akitaka kukaa siku chache sharti aombewe ruhusa, na mama akipika pombe ya kuuza anakuwa na kesi. Baba akivunja amri anaweza kutandikwa fimbo, adhabu iliyodumu katika Kongo ya Wabelgiji hadi miaka ya 1950. Mtoto huyu yuko salama kwa namna ambayo babu yake hakuwahi kuijua, na usalama wake una mwenyewe, naye si baba yake mzazi.

Watu walilihisi jambo hilo. Katika miji ya Katanga, kwa miongo kadhaa, ulienea uvumi wa batumbula, watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa niaba ya wazungu, wakawanenepesha na kuwafanya kitoweo. Uvumi huo umetajwa katika historia ya Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga mwaka 1965 na André Yav, akizungumza kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, maandishi ambayo kila msomaji wa Kiswahili angepaswa kuyajua, maana ni nadra historia ya mji wa kikoloni kuandikwa na waliopika na kufua ndani yake. Uvumi ulishamiri katika zama zilezile ambazo hospitali zilikuwa zinajengwa na takwimu za vifo zinashuka. Mtu anaweza kulishwa vizuri na bado akajiuliza analishwa kwa ajili gani.

Jibu la kampuni lilionekana mapema. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika, kati ya 1930 na 1932, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliondolewa na wengi wao kurudishwa makwao.

Kisha ikaja vita ya pili ya dunia. Washirika walihitaji shaba na kobalti, na kutoka Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka Likasi, walihitaji pia urani. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki la Marekani ilitoka katika shimo hilo. Bei za vitu Katanga zilipanda, mishahara ya Waafrika haikufuata. Wafanyakazi wazungu walijiunga katika chama, wakadai, wakasikilizwa. Mwanzoni mwa Desemba 1941 Waafrika wa Panda na Shituru waligoma, mgomo ukaenea hadi Elisabethville, na tarehe 9 Desemba askari wakafyatua risasi juu ya umati uliokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Makumi waliuawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa amejitokeza kuwasemea wenzake. Gavana Amour Maron alikuwepo.

Baada ya risasi mishahara iliongezwa. Mwaka 1946 Waafrika waliruhusiwa kuwa na vyama vya wafanyakazi, kwa masharti mengi. Huu ndio mfupa wa historia yote, na simulizi tamu za enzi za posho mara nyingi huuruka. Kampuni ilijifunza kuwajibika kwa sababu mbili: uhaba wa watu na hofu ya watu. Posho ambayo mzee anaikumbuka kama mkono wa baba ilikuwa pia ushindi wa waliolala chini kwenye ule uwanja, ingawa hakuna aliyeigawa akisema hivyo.

Jadotville ikawa Likasi mwaka 1966, na tarehe 1 Januari 1967 Union Minière ikataifishwa. Mrithi wake alibadilisha majina hadi akatulia kwenye Gécamines. Kwa mfanyakazi wa kawaida, mengi yaliendelea. Hospitali ilibaki, shule zilibaki, unga uliendelea kufika. Mwaka 1986 kampuni ilizalisha tani 476,000 za shaba, rekodi yake, ikiwa na waajiriwa zaidi ya 30,000, ambao ukiwajumlisha na familia zao wanakuwa mamia ya maelfu ya watu waliotegemea mlango mmoja. Ndani, mhimili ulikuwa umeoza. Serikali ya Mobutu ilichota mapato, mitambo haikukarabatiwa, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya moja ya kumi ya ule wa 1986.

Kati ya miaka hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo halionekani katika jedwali lolote la maendeleo ya afya, na ambalo wanaoisifia zamani hulipita haraka. Tangu enzi za ukoloni kampuni iliwaleta watu wengi kutoka Kasai, Waluba hasa, na wengi walipata elimu na vyeo. Watoto wao walizaliwa Likasi na hawakujua kwingine. Mwezi Agosti 1992 Kongamano la Taifa lenye Mamlaka Kamili mjini Kinshasa lilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu. Katanga, chini ya Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI, kampeni ya kuwafukuza Wakasai ikawaka, na Likasi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuungua. Vijana wa chama waliwatoa majirani majumbani mwao. Maelfu kwa maelfu walikusanyika kwenye stesheni ya reli na katika majengo ya shule wakisubiri treni za kuwapeleka jimbo ambalo wengine hawakuwahi kulikanyaga. Walisubiri majuma, wengine miezi, watoto wakifa kwa surua na kuhara. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Katika Katanga nzima waliong'olewa walikuwa mamia ya maelfu.

Hapo ndipo neno kuporomoka linapostahili kutumika bila kusitasita. Watu hawa walikuwa wamekaa kambi moja, watoto wao walipimwa kwenye mizani moja, walikula unga wa ghala moja. Miaka 60 ya usalama uliogawiwa kutoka juu haikuwaachia chombo chao wenyewe cha kulindana. Kila nyumba ilifungwa kwa kampuni na si kwa jirani, na kampuni ilipolegea, kilichobaki kati ya nyumba na nyumba kilikuwa chembamba mno. Hukumu hii ni kali, na wapo waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha yao, lakini treni zilijaa.

Hatima ya ajira ilifika baada ya muongo mmoja. Mwaka 2002 Kongo ilipata Sheria mpya ya Madini, iliyofungua milango kwa makampuni ya kigeni. Kati ya 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipewa kiinua mgongo cha mkupuo mmoja na kuondoka, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi, kwa hiyo hiari hiyo ilikuwa na njaa nyuma yake. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers, aliyefuatilia maisha yao, ameonyesha jinsi walivyounda umoja wao wakipinga hesabu ya malipo na kudai kilichosalia.

Wakati huohuo vijana walikuwa wameshaingia mashimoni. Sheria ya 2002 iliruhusu uchimbaji wa mkono katika maeneo maalumu na ikauwekea kikomo cha mita 30 kwenda chini, kikomo kisicho na mtu wa kukipima. Kamatanda, pembeni mwa Likasi, palijaa wachimbaji, watoto wakiosha na kupepeta mawe juu ya ardhi. Shinkolobwe, mgodi uliozibwa wakati wa uhuru kwa sababu ya urani yake, ulivamiwa na maelfu waliotafuta kobalti. Rais alitia sahihi amri ya kuufunga Januari 2004. Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka ikaua watu 8, na hapo ndipo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipofika kupima mionzi na uthabiti wa ardhi. Watu hao 8 walikuwa wanafanya kazi ambayo kwenye karatasi haikuwepo, katika mgodi ambao kwenye karatasi ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na mwajiri wa kuitwa.

Mchimbaji wa aina hiyo huingia kwenye kisima kilichochimbwa wima, akishuka kwa kuweka nyayo kwenye vitobo vya ukutani, tochi kichwani, kisha anafuata mshipa wa madini kwa kando bila nguzo za kuushikilia udongo. Mvua ikinyesha, kuta zinalainika. Gunia likipanda juu linauzwa kwa mnunuzi anayepima uzito na ubora kwa mashine yake mwenyewe. Bei hubadilika kufuatana na soko la London, ambalo mchimbaji halioni.

Ajabu ni kwamba shaba yenyewe haikuporomoka. Mwaka 2014 Kongo ilivuka tani milioni 1, na mwaka 2023 ilifika karibu tani milioni 2.8, mara 5 na zaidi ya rekodi ya Gécamines. Kobalti ya Kongo ni kiasi cha robo tatu ya ile inayochimbwa duniani. Kilichopungua ni idadi ya watu ambao tani hizo zinawajibika kwao. Mitambo mikubwa imechukua kazi ya mikono, na waajiriwa wengi wameandikishwa na makampuni ya kati, si na mgodi wenyewe. Mfanyakazi aliyeandikishwa hivyo akivunjika mguu, kwanza inabidi ijulikane ni wa nani.

Si kila kilichoitwa kuporomoka kimemuumiza kila mtu. Dibwe dia Mwembu alionyesha kwamba mshahara ulipokoma, mamlaka ya baba nyumbani yalitikisika pamoja na mamlaka ya kampuni. Wake ndio waliolima mahindi nje ya mji, wakauza mkaa, mandazi na nguo kuukuu, wakalipa karo. Wanaume wengi walilihesabu hilo kuwa aibu na mwisho wa adabu. Upande wa wanawake hesabu ilikuwa tofauti: mzigo uliongezeka, na sauti pia. Sheria ya Familia ya Kongo ilikuwa inamtaka mke apate idhini ya mume katika mambo mengi ya kisheria na ya kazi, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2016, miaka mingi baada ya wanawake wa Likasi kulivuka kwa vitendo. Anayeisifia enzi ya posho amuulize pia mama aliyenyimwa kuuza pombe yake mwenyewe kambini.

Ndiyo maana kuirudisha posho kama ilivyokuwa si jibu, na hata wanaoililia hawamwombi mkuu wa kambi arudi. Wanachodai ni kidogo na kigumu zaidi: kwamba anayefaidika na jiwe awe na jina, anwani na wajibu. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imegusa jambo hilo. Inazitaka kampuni zitie sahihi makubaliano ya maendeleo na jamii zinazozizunguka, na zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa ajili ya miradi ya jamii hizo. Miradi inayotajwa katika makubaliano ya namna hiyo ni visima, madarasa, zahanati na barabara, orodha ambayo mfanyakazi wa mwaka 1950 angeitambua. Tofauti kubwa ni kwamba safari hii jamii inakaa upande wa pili wa meza na kusaini, na inaweza kudai kwa karatasi iliyosainiwa.

Mashimo ya wachimbaji wa mkono yako nje ya meza hiyo. Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt, kampuni tanzu ya Gécamines, na kuipa peke yake haki ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Masharti yake yanakataza watoto mashimoni na yanataka wachimbaji wapewe vifaa vya kujikinga. Mwaka uleule ilipoundwa, tarehe 27 Juni, kuta za mgodi wa KOV huko Kolwezi ziliwaangukia wachimbaji walioingia katika eneo la kampuni bila ruhusa, na zaidi ya 40 wakafa. Kampuni yenye mgodi ilisema walikuwa wavamizi. Serikali ilipeleka askari kuwaondoa waliobaki.